Sababu zinazotosha kumnyima rais muhula wa pili, na jinsi ya kuzithibitisha

#1 MzaniWaKura

Wakuu, habari zenu.

Uchaguzi ukikaribia, rais aliyeko Ikulu hugeuza kibao. Sisi ndio tunaopaswa kumuuliza amefanya nini, lakini ghafla yeye ndiye anayetuuliza tunamtoa kwa kosa gani. Wengi hujibu kwa uchungu: maisha yamekuwa magumu, yeye hatusikilizi, watu wake wametajirika. Uchungu huo ni wa haki, ila msemaji wa serikali ana jibu lake tayari: daraja, picha ya uzinduzi na takwimu ya ukuaji wa uchumi. Naomba uzi huu tuutumie kuweka sababu zinazoshikika, ambazo hata aliyempigia kura mara iliyopita atazihakiki mwenyewe kwenye nyaraka za serikali.

Tuanze na nani mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mahakamani mtu hana hatia mpaka ithibitike. Kwenye sanduku la kura hakuna mshtakiwa. Kuna mtumishi ambaye mkataba wake unaisha tarehe inayojulikana, naye anaomba uongezwe. Anayeomba ndiye anayeeleza. Akishindwa kueleza fedha zilikwenda wapi, hatuhitaji kuthibitisha wizi ndipo tumnyime kura.

Na kuna jambo ambalo watu hulisahau. Pale ambapo katiba inampa rais mihula miwili tu, uchaguzi ulio katikati ndio siku pekee ambayo mpiga kura ana nguvu juu yake. Akishapewa muhula wa pili, hatarudi tena kukuomba kitu. Aliyokufanyia wakati bado anahitaji kura yako ndiyo sura yake nzuri kuliko zote utakazoziona. Kama sura hiyo haikuridhishi, usitegemee atajirekebisha siku ambayo hana sababu ya kujirekebisha.

Kwa hiyo mimi napima yale yanayopita kwenye kalamu yake na ya mawaziri aliowateua: mikopo, uteuzi, matumizi nje ya bajeti, utii kwa amri za mahakama. Ukame haumo kwenye orodha yangu. Mikopo imo.

Nianze na deni, maana ndipo hoja nyingi huharibika. Kutaja jumla ya deni hakusaidii, kwani jumla haisemi kitu bila kipato cha anayedaiwa. Chukua malipo ya riba ya mwaka, jumlisha na sehemu ya mkopo wenyewe iliyorejeshwa, kisha gawanya kwa mapato ya ndani ya mwaka huohuo, yaani kodi na mapato yasiyo ya kodi. Hapa kuna mtego: vitabu vingi vya bajeti huweka mikopo mipya na misaada kwenye jedwali la "mapato yote". Ukigawanya kwa jumla hiyo, unapata nchi yenye afya hata kama inakopa ili ilipe deni. Toa mikopo na misaada kwanza, ndipo ugawanye.

Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia wanapotathmini nchi za kipato cha chini, hutumia ukomo wa malipo ya deni la nje dhidi ya mapato ya serikali: asilimia 14 kwa nchi yenye uwezo dhaifu wa kubeba deni, 18 kwa wastani, 23 kwa imara. Ukilinganisha na ukomo huo, chukua malipo ya deni la nje peke yake. Piga hesabu ya mwaka alioingia na ya mwaka wa mwisho uliofungwa. Kama aliingia ikiwa 12 na sasa ni 30, umepata sentensi moja inayotosha kwenye kipeperushi.

Zambia ilipita njia hiyo macho yakiwa wazi. Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwenye hatifungani zake za nje, yaani hati za mkopo ilizowauzia wawekezaji. Agosti 2021 wananchi wakampa Hakainde Hichilema karibu asilimia 59, na Rais Edgar Lungu akabaki na kama 39.

Karibuni. Mwenye hoja ya kupinga nayo ailete.

#2 UpandeWaPili

Mleta mada, nakubaliana na hesabu ya deni, ila uzi wa namna hii huwa unapita kando ya jambo moja. Kupanda kwa bei si lazima kuwe kosa la rais. Mwaka 2020 ulikuwa wa korona, 2022 vita ya Ukraine ilipandisha mafuta, ngano na mbolea duniani kote. Ukimwondoa mtu kwa sababu ya bei, unamwadhibu kwa jambo ambalo mpinzani wake naye asingelizuia. Marais wa nchi maskini wataondolewa kila mara dunia inapotikisika, na hakuna atakayepanga jambo la miaka kumi.

#3 HesabuKali

Mkuu wa bandiko namba 2, hoja yako ni halali na ina jibu la kitaalamu. Mfumuko wa bei una fungu la dunia na fungu la nyumbani. Kazi ni kuyatenganisha.

Chukua nchi tatu au nne za jirani zinazoagiza mafuta na ngano kwenye soko hilohilo. Isiyo na bahari ilinganishe na isiyo na bahari, ya pwani na ya pwani, la sivyo gharama ya usafirishaji itakudanganya. Kama majirani walipanda kwa asilimia 9 na ninyi kwa 24, zile 15 za juu ndizo za kuulizia Ikulu.

Kisha angalia mafuta. Nchi nyingi zina mamlaka inayotangaza bei elekezi na kuichambua: bei ya kufikisha bandarini, tozo, kodi, faida ya wauzaji. Weka matangazo mawili pamoja, la mwanzo wa muhula na la sasa. Bei ya bandarini ikishuka huku ya kituoni ikipanda, vita haihusiki hapo. Kuna tozo imeongezwa, na tozo ina tarehe na ina aliyeisaini.

La tatu ndilo zito. Taarifa ya mwezi ya benki kuu huwa na mstari wa mikopo ya benki kuu kwa serikali. Ukiona mstari huo unapanda kwa kasi miezi ile ambayo serikali haikupata wakopeshaji wengine, fedha imetengenezwa ili kuziba pengo la bajeti, na mfumuko unaofuata umezaliwa nyumbani. Ghana ilifunga 2022 ikiwa na mfumuko wa asilimia 54, na Desemba hiyohiyo ikasitisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Majirani zake walipigwa na dunia ileile, lakini hawakufika 54. Rais Akufo-Addo alikuwa amemaliza mihula yake, hivyo Desemba 2024 wapiga kura walimshukia makamu wake, Mahamudu Bawumia, aliyekuwa mgombea wa chama.

Halafu linganisha bei na kipato, maana bei peke yake haitoshi. Mfumuko wa asilimia 10 kwa mwaka, kwa miaka mitano, unapandisha bei kwa 61 wala si 50, kwa kuwa kila mwaka unapanda juu ya uliotangulia. Mshahara ukipanda 5 kila mwaka, miaka mitano inakupa kama 28. Gawanya 1.28 kwa 1.61: mshahara wa leo unanunua kama asilimia 79 ya ulichokuwa unanunua alipoapishwa. Sehemu moja ya tano ya ujira imeyeyuka bila mtu kupunguziwa hata senti kwenye karatasi. Hiyo ndiyo lugha ya kumweleza mwalimu au mlinzi.

Na tusibabaishwe na "uchumi umeshaanza kupona". Marekani mdororo uliisha rasmi Machi 1991, ila ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi asilimia 7.8 Juni 1992. Rais George H. W. Bush alikuwa akisoma takwimu sahihi mbele ya watu wasio na kazi, na Novemba akashindwa. Wapiga kura wale hawakukosea. Kupona kwa vitabuni hutangulia kupona kwa nyumbani, na wao waliishi nyumbani.

#4 MlinziWaKatiba

Naona tumeingia kwenye bei na deni, na ni sawa, ila kwangu hizo ni sababu za daraja la pili. Bei hupanda ikashuka. Deni hupangwa upya. Mahakama iliyozoeshwa kupuuzwa hairudi kirahisi, na ukomo wa muhula ukishafutwa ni kazi ya kizazi kuurudisha. Uganda iliondoa ukomo wa mihula 2005, kisha ukomo wa umri 2017, na rais ni yuleyule tangu 1986.

Kwa hiyo ukinipa marais wawili, mmoja amekosea kwenye uchumi lakini anatii mahakama, mwingine ameweka lami ila watu wanachukuliwa usiku na magari yasiyo na namba, nitamwondoa huyu wa pili kwanza. Wa kwanza nitaweza kumwondoa miaka mitano ijayo. Wa pili huenda nisipate nafasi hiyo tena.

Namna ya kuihakiki hoja hii bila kubaki kwenye maneno ya jumla:

Amri za mahakama. Tafuta hukumu dhidi ya serikali katika muhula huu, andika namba ya kesi, tarehe, mahakama ilichoamuru, na kilichofanyika ndani ya siku ilizotoa. Tatu au nne zilizoandikwa hivyo zina nguvu kuliko hotuba ya saa nzima.

Watu waliokamatwa. Katiba na sheria nyingi hutaka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au 48. Andika tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kufikishwa. Pengo ndilo ushahidi. Usiweke majina ya watu ambao familia zao hazijaridhia. Wengine wanatishwa mpaka leo.

Tume ya uchaguzi. Angalia waliteuliwa lini, na nani, na sheria ya uchaguzi ilibadilishwa mara ngapi ndani ya miezi 12 kabla ya kura. Senegal, Juni 2011, Rais Abdoulaye Wade alipeleka bungeni pendekezo la kumruhusu mgombea ashinde duru ya kwanza kwa asilimia 25 tu. Watu walijaa barabarani tarehe 23, likaondolewa siku hiyohiyo. Bado akagombea muhula wa tatu. Februari 2012 aliongoza duru ya kwanza kwa kama 35, na mwezi uliofuata Macky Sall akamshinda kwa karibu 66. Wasenegali hawakuhitaji kuthibitisha kwamba barabara alizojenga hazipo. Zilikuwepo. Walimwondoa kwa sababu alitaka kubadilisha sheria ya mchezo akiwa ndani ya mchezo.

#5 MtumishiMpole

Lakini mkuu, miradi mikubwa ikiwa katikati, si busara kumwacha aliyeianzisha aimalize? Wapya huja na kusimamisha kila kitu.

#6 MzaniWaKura

Swali zuri, na ndilo linalobeba kampeni nyingi za walio madarakani.

Mkataba wa mradi unafungwa na serikali. Mkandarasi hamdai mtu, anaidai hazina, na serikali mpya inarithi mkataba pamoja na adhabu za kuuvunja. Kinachosimamisha miradi mara nyingi ni malimbikizo: mkandarasi amewasilisha hati za malipo, hajalipwa, ameondoa mitambo. Hilo hutokea chini ya rais yuleyule aliyeanzisha. Kwa hiyo tafuta kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu mstari wa madeni ya wakandarasi na riba ya kuchelewesha malipo. Ukikuta riba hiyo inakua kila mwaka, unajua kwamba anayeomba muda wa kumalizia ndiye anayechelewesha.

Orodha ya miradi nayo ichambuliwe. Igawe: alioikuta ikiendelea, alioianzisha na kuimaliza, alioianzisha ikakwama, na ile ya jiwe la msingi tu. Karibu kila serikali huchanganya fungu la kwanza na la pili kwenye matangazo. Kwenye kila mradi andika gharama iliyosainiwa na gharama ya mwisho. Nyongeza ya asilimia 10 hadi 15 inaweza kuwa na maelezo ya kihandisi, kama udongo kuonekana tofauti na upimaji. Nyongeza ya 60 kwenye mkataba uliotolewa bila zabuni ya ushindani inataka jibu kutoka kwa mtu, kwa jina na cheo.

#7 KaraniMkongwe

Wakuu mmeeleza sababu vizuri sana. Sasa niseme kwa nini sababu nzuri hushindwa: hesabu ya kura haijui sababu.

Kenya 1992 wengi walitaka Daniel arap Moi aondoke. Alipata kama asilimia 36. Kenneth Matiba 26, Mwai Kibaki 19, Oginga Odinga 17 na kitu. Zaidi ya asilimia 60 walimkataa na akaapishwa. Mwaka 1997 akarudia kwa 40. Hadi leo Kenya haijawahi kumwondoa kwa kura rais aliyekuwa anagombea.

Sasa itazame Malawi. Mei 2019 Rais Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.6, Lazarus Chakwera 35.4, Saulos Chilima 20.2. Februari 2020 mahakama ikafuta matokeo na kusema wingi maana yake ni zaidi ya nusu. Chakwera na Chilima wakaungana, mmoja mgombea na mwingine mgombea mwenza, na Juni 2020 wakapata kama 59. Ni wapiga kura walewale, hasira ileile. Kilichobadilika ni karatasi ya kura.

Kwa hiyo soma kanuni ya ushindi ya nchi yako kabla ya kupanga chochote. Tanzania, tangu mabadiliko ya katiba ya 2000, anayeongoza ndiye mshindi hata bila nusu; hapo wapinzani wawili wenye nguvu ni zawadi kwa aliyeko. Gambia nayo ni hivyo: 2016 vyama saba viliungana nyuma ya Adama Barrow, akamshinda Rais Yahya Jammeh kwa kama asilimia 43 kwa 40, na mgombea wa tatu aliyebaki nje ya muungano nusura aharibu kila kitu kwa asilimia zake 17. Kenya inataka zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Nigeria inataka asilimia 25 katika theluthi mbili ya majimbo na mji mkuu. Masharti ya namna hii yanamaanisha huwezi kumtoa rais kwa kupata kura nyingi nyumbani kwako tu. Na pale rais anapopatikana kupitia bunge, kama Botswana, hesabu ni ya majimbo: Oktoba 2024 chama kilichotawala miaka 58 kilipata kama asilimia 30 ya kura, ila kikaambulia viti 4 kati ya 61.

Muungano nao una ratiba. Nigeria vyama viliungana Februari 2013, uchaguzi ukafanyika Machi 2015. Miaka miwili ilitosha kuunganisha matawi, kupatanisha wagombea wa chini na kusajili mawakala. Muungano wa miezi miwili hukwama mahali palepale kila mara: wagombea ubunge wa vyama rafiki wanapigana jimboni, mawakala wanalinda kura za mbunge na kusahau za rais, na mgawanyo wa vyeo haukuandikwa, hivyo kila mmoja ana kumbukumbu yake.

#8 SautiYaNyikani

Mkuu, muungano wa kila aliyefukuzwa serikalini unaua hoja yenyewe. Huwezi kusimama jukwaani ukalia deni huku aliyekuwa waziri wa fedha amekaa nyuma yako.

#9 KaraniMkongwe

Kweli, na hoja ya deni hufia hapo. Nchini Nigeria magavana watano wa chama tawala walihamia upinzani Novemba 2013, na bila wao Rais Goodluck Jonathan huenda asingeshindwa. Lakini walikuja na mitandao ya kura majimboni. Hawakuletwa kuwa sura ya hoja ya uadilifu. Anayehama apokelewe kwa masharti yaliyoandikwa: atoe nyaraka alizonazo, aeleze hadharani alichosaini, na asipewe wizara aliyoiharibu. Akikataa hayo, anachotafuta ni kichaka, na kura anazokuja nazo zitapotea kwa wale watakaobaki nyumbani kwa kukata tamaa.

#10 WakalaDaima

Naongeza la kituoni, maana hapo ndipo sababu zote za uzi huu hugeuka namba au hupotea.

Tuchukue hesabu halisi ya Kenya 2022. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211 kwenye vituo 46,229. Gawanya: kura 5 kwa kituo. Mshindi alivuka nusu kwa kura kama 70,000, yaani chini ya kura 2 kwa kituo. Karani mmoja akiandika 147 badala ya 174, ameshaharibu hesabu ya vituo vitano.

Kila kituo kinahitaji mawakala wawili, mmoja akale au ajisaidie mwingine akibaki. Kwa vituo 46,229 hao ni watu 92,458, wenye kiapo, barua, chakula na nauli ya kurudi usiku. Wakala asiyelipwa kwa wakati huondoka saa kumi jioni, na kuhesabu huanza baada ya hapo.

Kabla ya kura ya kwanza aone sanduku tupu, aandike namba za lakiri na idadi ya karatasi zilizopokelewa. Wakati wa kufunga, hesabu moja lazima ikubali: kura halali, zilizokataliwa, karatasi zilizoharibika na kubadilishwa, na ambazo hazikutumika, jumla yake iwe sawa na karatasi zilizopokelewa. Isipolingana, asisaini kimyakimya wala asigome kusaini akaondoka. Mawakala wengi hukosea hapo. Asaini na aandike pingamizi kwenye nafasi ya maoni, kwa namba. Fomu isiyo na saini ya wakala mara nyingi bado ni halali kisheria, hivyo kugoma kunamwacha bila nakala na bila ushahidi.

Apige picha fomu nzima, kona nne zionekane, kabla haijaondoka kituoni. Malawi 2019 ilianguka mahakamani kwa fomu zilizofutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Waliokuwa na nakala za awali ndio waliokuwa na kesi.

Kituo chenye mahudhurio ya asilimia 97 au 99 kiwekewe alama. Kwenye daftari lolote la miaka kadhaa kuna waliofariki, waliohama, wagonjwa na walio safarini, na hao peke yao huzidi asilimia 3.

Usisubiri vituo vyote ndipo ujue mwelekeo. Sampuli ya vituo 1,000 vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, kutoka maeneo yote, inatoa makadirio yenye ukingo wa kama asilimia 2 juu au chini. Inatosha kama tofauti ni 5. Tofauti ikiwa 1, sampuli haikuamulii, lazima ujumlishe fomu zote. Na sampuli iwe ya bahati nasibu kweli: vituo vya mjini hufika kwanza kwa sababu mtandao upo, na anayejumlisha vilivyofika tu hutangaza ushindi saa mbili usiku kisha hulia wizi asubuhi vya vijijini vinapoingia. Senegal 2000, Rais Abdou Diouf aliposhindwa, waandishi wa redio walisoma matokeo ya vituo moja kwa moja kwa simu za mkononi usiku uleule, na kilichosomwa hewani kutoka kituoni ni vigumu kukibadilisha njiani. Gambia kura zilikuwa gololi, zikahesabiwa palepale zilipopigwa.

#11 MtumishiMpole

Na tume ikitangaza tofauti na fomu?

#12 MlinziWaKatiba

Inategemea sheria, na muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kenya una siku 7 baada ya kutangazwa kufungua shauri, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Septemba 2017 ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa njia hiyo. Tanzania, ibara ya 41(7) ya katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya rais yakishatangazwa na tume, hivyo kila kitu kimalizwe kabla ya tangazo.

Uganda mwaka 2001 na 2006 majaji walikubali kwamba sheria ilivunjwa, lakini wengi wao wakasema haikuthibitika kuwa iliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Somo ni la wazi kwa wanaoandaa ushahidi: orodha ya maovu haitoshi, onyesha kura ngapi kila ovu liliongeza au kupunguza, na linganisha jumla yake na tofauti ya ushindi. Hati za kiapo za mawakala, zenye ushahidi wao, ziandikwe ndani ya saa 48. Baada ya wiki kumbukumbu zimechanganyika na wengine wameshatishwa.

Na neno kwa wapinzani wanaoahidi kumfunga rais siku ya kwanza. Ahadi hiyo inamfanya apigane hadi tone la mwisho. Jonathan alimpigia simu mshindani wake, Muhammadu Buhari, kukubali kushindwa Machi 31, 2015 kabla tume haijamaliza kutangaza, na nchi ikapumua. Rais Laurent Gbagbo mwaka 2010 alikataa kukubali kushindwa, na Ivory Coast ikazika watu kama 3,000. Kama kuna makosa ya jinai, yaachieni mahakama na muda wake. Jukwaani semeni deni, bei na sheria.

#13 UpandeWaPili

Nimeelewa kutenganisha bei ya dunia na ya nyumbani, na nakiri hoja ya bandiko namba 3 imenibana. Swali la mwisho: kwenye hesabu ya deni tutumie namba zipi? Hotuba ya bajeti inasema hivi, ripoti ya mkaguzi inasema vile.

#14 HesabuKali

Hotuba ya bajeti ina makadirio ya mwaka unaoanza. Serikali hukadiria mapato juu na malipo ya deni chini, na ukizitumia utajikuta unamsaidia unayempima. Tumia mwaka uliofungwa: mapato halisi yaliyokusanywa na malipo halisi ya deni, kutoka kwenye hesabu zilizokaguliwa. Zikichelewa, rudi nyuma mwaka mmoja, na uandike mwaka huo waziwazi kwenye kipeperushi, kwa kuwa jambo la kwanza watakalofanya ni kusema umechanganya miaka. Angalia pia kama deni la mashirika ya umma yaliyodhaminiwa na hazina limo ndani ya jumla au limewekwa kwenye kiambatisho. Mara nyingi liko kwenye kiambatisho.